Kilima Juu ya Sado

Kwenye ukuta wa mgahawa wake wa Pasiansi, Modesta alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: HAPA HATUNUNUI LUMBESA. Wateja walimtania kwamba siku hizi hata viazi vina siasa. Hakujali. Lumbesa ndiyo iliyomtoa shule. Kila msimu mnunuzi alifika shambani kwa baba yake, Sengerema, akajaza gunia la viazi mpaka mdomoni, akashonea wavu juu yake, akaongeza kilima kizima, halafu akalipia gunia moja kama vile kile kilima kimeota chenyewe. Kwa hiyo Modesta alinunua magunia yaliyoshonwa sawa na mdomo tu, hata wauzaji wakimnunia.

Jumamosi hiyo baba yake, mzee Mihayo, alivuka kwa kivuko kuja kumsalimia. Modesta alitaka jambo moja tu: mzee aone kwamba machungu yake hayakwenda bure. Akampeleka sokoni Kirumba, na mbele yake akakataa gunia lenye kilima, akachagua lililo sawa.

"Umeona, baba?"

Mzee akaguna tu. Modesta aliumia, ingawa baba yake hakuwa mtu wa maneno mengi.

Kutoka hapo wakashuka Mwaloni, kwenye soko la samaki, kwa mama Akelo, mjane aliyekuwa akimuuzia dagaa kwa miaka sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za Pasiansi?"

"Nzuri. Nipimie sado mbili."

Mama Akelo akajaza ndoo zake mbili ndogo za plastiki. Modesta akafanya kama wafanyavyo wote pale: akazitikisa ndoo ili dagaa washuke, akashindilia kwa kiganja, akachota mwenyewe na kuongeza mpaka kila ndoo ikawa na kilima.

"Na nyongeza, mama. Mimi mteja wako."

Mama Akelo akacheka kile kicheko cha muuzaji, ambacho Modesta hakuwahi kukitazama vizuri.

Mzee Mihayo akainama. "Mama, hiki cha juu kinalipiwa?"

"Hapana, baba. Ndiyo desturi ya hapa. Nikikataa, wanahamia kwa mwenzangu."

"Hata mimi nilikuwa naambiwa hivyo hivyo," mzee akasema kwa upole, utadhani anazungumzia mvua.

Uso wa Modesta ukawaka kwa aibu. Miaka sita yote, na maandishi mekundu ukutani! Nusura aseme kwamba dagaa si viazi. Akalimeza neno hilo, akaweka kiganja kwenye ukingo wa ndoo, akakipitisha taratibu hadi upande wa pili. Kilima kikaporomoka, dagaa wakarudi kwenye turubai la mama Akelo. Ndoo ya pili akaifanya vivyo hivyo.

"Nisamehe, mama. Kuanzia leo ni sawa na mdomo."

Mama Akelo akamkodolea macho. Kisha akachota konzi moja kwa mkono wake mwenyewe, akaimimina kwenye mfuko wa Modesta.

"Hawa sasa nimekupa mimi," akasema, na safari hii alicheka mpaka akajishika kiuno.

Modesta naye akacheka, moyo mwepesi kabisa. Walikuwa wamefika karibu na geti la soko mzee alipomwita.

"Modesta."

"Abee, baba."

"Sasa nimeona."