Kereng'ende wa Gari Jeusi

Wamalwa aliletwa Ruiru mwaka wa hamsini na tano kuendesha gari jeusi la Bwana Pelham, meneja wa shamba la kahawa. Bwana alimwahidi nyumba ya mawe, amlete mkewe Wilkister na watoto, mradi gari likae safi mpaka Pasaka. Sasa mtu akiahidiwa nyumba ya mawe atalala? Wamalwa alilipaka gari nta asubuhi na jioni, hata ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama mlangoni.

Ndipo kereng'ende wakaanza kuja kutoka bwawa la shamba. Walitua kwenye boneti, wakachovya mikia, wakataga mayai. Jua likayakausha, rangi ikaingia madoa. Bwana akafoka. Wamalwa akashikilia kwamba Dismas, dereva wa trekta, ndiye amemroga kwa kuitamani ile nyumba. Dawa aliyoijua ilikuwa moja tu: nta zaidi.

Maskini, angejuaje? Mwanga wa jua hutikisika kila upande, lakini ukigonga maji yaliyotulia, mwingi unaorudi hutikisika upande mmoja, kimlalo. Jicho letu haliambulii kitu. Kereng'ende huuona, na ndivyo anavyolitambua bwawa toka angani. Bati jeusi lililosuguliwa huurudisha mwanga vivyo hivyo, tena kushinda bwawa lenyewe. Kadiri Wamalwa alivyosugua, ndivyo alivyozidi kuwachimbia kereng'ende bwawa juu ya boneti. Inauma, jameni.

Februari, kiangazi kikiwa kikali, akapigwa kalamu. Kosa: uchafu. Gari akapewa Dismas, mtu ambaye hata uso alinawa kwa kukumbushwa. Vumbi jekundu likatanda kwenye boneti, mwanga ukatawanyika ovyo, kereng'ende wakarudi kwao. Bwana hakuona tena yai hata moja, akamsifu Dismas kwa usafi na kumkabidhi ufunguo wa nyumba. Mchumia juani hulia kivulini, wanasema. Huyu wetu alichumia juani, kivulini akakaa mwingine.

Wilkister alikuwa ameshaitwa. Akashuka stesheni ya Thika na watoto wawili na godoro, na Wamalwa akawapeleka Makongeni, mtaa wa huko huko Thika, kwenye chumba cha kuazima. Njiani alimweleza mkewe yote, naye akamwuliza kosa lake hasa lilikuwa nini.

Wamalwa akaitazama mikono yake iliyobabuka.

"Sikusugua vya kutosha," alisema.