Chupa Tatu za Mkonze

Ulimwona. Usijifanye hukumwona. Jumamosi ile, saa nne asubuhi, mtu mwenye bomba la dawa mgongoni alipanda ngazi za jengo letu la maabara pale chuoni, kitambaa kimemfunika pua, na wewe ulikuwa unapita getini na simu mkononi. Ulimtazama, halafu ukatazama pembeni. Ukajiambia si jengo lako. Tena anaua inzi, nani anahangaika na inzi?

Kaa hapo nikusimulie walikuwa inzi gani.

Na kabla hujanirudishia swali, nalijibu mwenyewe: ndiyo, hata mimi nilikuwepo. Nilikuwa chini ya ngazi hizo hizo, nimeinama, napaka chokaa mawe ya pembeni mwa njia. Jumatatu alikuwa anakuja mgeni rasmi. Unajua mambo yanavyokuwa. Mawe yanapakwa chokaa, vyoo vinapata sabuni wiki moja, maua yanaletwa kwenye vyungu na kurudishwa yalikotoka gari likishaondoka. Nilimwona yule mtu wa bomba. Nikasema moyoni, maabara ataiacha, mlangoni pana karatasi inayokataza dawa. Nikaendelea na jiwe langu.

Jina langu ni Filipo, mhudumu wa maabara. Shule yangu iliishia darasa la saba, Chamwino. Hayo mengine nimeyasoma kwenye karatasi ambazo wanafunzi huzitupa mitihani ikiisha. Nazikunjua, nazisoma, nauliza, nachekwa, nauliza tena. Nina miaka kumi na minane kwenye jengo lile na kichwa changu hakitupi kitu.

Nakumbuka mwaka 2014, sherehe ya hapo hapo uwanjani. Walikosa pa kuchomeka spika, wakapanda juu wakachomoa friji la barafu kali. Ndani mlikuwa na hamira za kijana mmoja, Iddy, aina arobaini alizokusanya kwenye pombe za kienyeji na mapipa ya mvinyo ili achunguze seli zao zinavyozeeka. Muziki ulipigwa hadi jioni. Hamira zote zikafa. Niliiona ile waya ikining'inia, nikanyamaza kwa sababu aliyeichomoa alikuwa mkubwa. Iddy sasa anabandika vioo vya simu karibu na stendi. Tukikutana ananisalimia vizuri tu, na hilo ndilo linaloniuma.

Nakumbuka na mwaka 2016, mahindi yenye sumukuvu yalipoua watu kwenye mkoa huu wa Dodoma. Dada yangu Anyesi alizika mtoto wa miaka sita, Denis. Macho yalimgeuka njano, tumbo likajaa, na majirani wakaanza kutafuta mchawi wakati mchawi alikuwa ndani ya gunia. Mimi nilisaidia kuchimba kaburi. Udongo wa kwetu unavyokuwa mgumu mwezi wa saba, tulichimba kuanzia asubuhi hadi saa nane.

Kwa hiyo Bupe alipokuja kutoka Tukuyu kusoma shahada ya uzamili, akaniambia anataka kuona sumukuvu inafanya nini kwenye utumbo, nilimwambia, "Mwanangu, ukihitaji chochote niite hata nikiwa kanisani."

"Nahitaji inzi, baba."

Nilicheka. Akanipeleka kwenye hadubini.

Si wale inzi wa chooni. Ni wale wadogo, kama punje ya ulezi, wanaozunguka zabibu zilizoiva kupita kiasi kule Hombolo. Huwezi kumlisha mtoto unga wenye kuvu ili uangalie utumbo wake unaumiaje. Inzi huyu unaweza. Kwa siku kumi yai limekuwa inzi mzima, na seli za utumbo wake zinajigawa na kuziba majeraha kwa namna inayokaribia sana yetu. Inzi wa Bupe, zaidi ya hapo, walikuwa na alama. Ukiwawekea taa ya buluu, seli za utumbo zinazojigawa zinawaka kijani. Utumbo ukiumia unaona, ukipona unaona, tena funza wake ni mwangavu, huhitaji hata kumpasua. Mwenye alama ana macho ya rangi ya chungwa. Wa mtaani ana macho mekundu.

Ukoo huo ulitoka ng'ambo kwa posta. Mara mbili walifika wamekufa, boksi limelala siku tisa likisubiri muhuri. Mara ya tatu wakafika hai sita. Kutoka kwa hao sita Bupe akajaza chupa mia moja na arobaini, na kwa miaka miwili akawalisha uji wa unga wa mahindi wenye hamira na sukari guru, wengine unga safi, wengine wenye sumu, na wengine unga ule ule wenye sumu ukiwa umechachushwa kama togwa. Hilo ndilo lilikuwa swali lake: togwa inapunguza madhara? Mama wa kijijini asiye na mashine ya kupima mahindi, je, chungu chake cha togwa kinaweza kumsaidia hata kidogo? Muda wake wa masomo ulikuwa unaisha mwezi wa tatu. Ukoo ukifa, anaondoka mikono mitupu, na swali la Denis linaondoka naye.

Alirudi saa saba mchana kutoka Hombolo, kabeba kifuko cha mahindi ya kupima. Nilimsikia akipanda ngazi mbili mbili, kisha hatua zikakatika ghafla. Nikaacha brashi.

Harufu ilikuwa mlangoni. Kabati la joto lilikuwa wazi, mlango umeegemezwa kwa kiti ili dawa iingie vizuri. Chupa zote zilikuwa mahali pake, vizibo vya pamba vimelowa, na chini ya kila chupa tabaka jeusi kama majani ya chai. Bupe alichukua moja, akaigonga kwa ukucha. Akachukua nyingine. Aligonga chupa kumi na tano hivi.

Octavian, Ofisa Utawala wetu, akaja na funguo zake zinalia. Ni mtu mwenye tai hata siku ya Jumamosi.

"Mzee Filipo, mbona mawe hayajaisha?"

"Nani amefungua kabati hili?"

"Mimi. Mtu wa dawa kaniita akasema, bosi, humu ndiko wanakozaliana. Kweli nikakuta inzi chupa nzima! Jengo analoingia mgeni rasmi! Mlitaka atue mmoja kwenye kilemba cha mama mgeni rasmi, nifukuzwe?"

"Karatasi mlangoni uliisoma?"

"Karatasi mnabandika kila siku. Ipo hata inayosema lifti itatengenezwa."

Bupe akasema taratibu, akiwa amempa mgongo, "Mgeni anakuja kuangalia nini, bosi?"

"Anakuja kuona utafiti."

"Ndio huu. Mwoneshe."

Octavian akatazama dirishani. Hapo ndipo nilipomjibu kwa maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu watoto wanasoma, na nilipomaliza nilijikuta nayasema kwa ajili ya Iddy, miaka mingi imechelewa. Alisimama akayapokea yote. Simpendi, lakini hilo nalikumbuka pia.

Sasa sikiliza, maana hapa pana aibu yangu nyingine.

Chupa za zamani, inzi wakishahamishiwa chupa mpya, hazitakiwi kuoshwa hivi hivi. Zinawekwa kwanza kwenye barafu, waliobaki wafe, wasitoroke. Lile friji halikuwahi kupona tangu ile siku ya spika. Anjelina, mama anayetufanyia usafi, akaambiwa aziache juani. Juani zinanuka, watu wakalalamika. Basi akawa anazibeba kwenye ndoo mpaka kwake Mkonze, anazichemsha kwenye jiko la mkaa, anazirudisha zinang'aa. Nilijua. Nilijua pia kwamba kabla ya kuzichemsha anakwangua funza kwa kijiko na kuwapa vifaranga. Ni kosa kubwa kwenye kazi yetu. Nilinyamaza kwa sababu vifaranga vilikuwa vinanawiri na mimi nilishapewa jogoo mmoja wa Pasaka.

Nikampigia simu.

"Anjelina, zile chupa za Jumatano umezichemsha?"

"Nani kanisema?"

"Hujasemwa na mtu. Umezichemsha?"

"Shemeji, nisamehe. Nilikuwa msibani tangu Alhamisi, hata uani sijaingia. Leo ndiyo nimerudi, vifaranga vinalia njaa, ndiyo nakwangua..."

"Weka kijiko chini!"

"Eh?"

"Weka kijiko chini, mama, usiguse kitu!"

Octavian ndiye aliyetuendesha, kwa gari la ofisi, ambalo kwa miaka yote hiyo sikuwahi kulipanda. Tulimkuta Anjelina amesimama uani, mikono nyuma kama mwanafunzi. Mbele yake kulikuwa na ndoo, kijiko, na vifaranga kumi na viwili vinamfuata miguuni. Chupa thelathini zilikuwa zimekwanguliwa. Tatu zilibaki, na pamba zake mdomoni.

"Shikamoo mama," Bupe akasema, tayari amepiga magoti kwenye vumbi.

"Marahaba mwanangu. Mimi sikujua. Nilidhani ni takataka."

"Ni takataka, mama. Ndizo ninazozitaka."

Alizitazama dhidi ya jua. Kwenye kuta za kioo funza walikuwa wanapanda, na juu yao vifuko vya kahawia, wale wanaojiandaa kutoka na mabawa. Kifaranga kimoja kikarukia goti lake.

"Hiki kimekula nusu ya shahada yangu," akasema. Anjelina akacheka kwa woga, kisha sote tukacheka, hata mwenye tai.

Lakini hai si sawa na salama. Kwake Anjelina pana mzabibu uani, na inzi wa mtaani wamejaa. Pamba ikilegea kidogo tu, jike la nje linaingia, linataga, na ukoo umechafuka. Halafu pa kuwaweka? Maabara nzima ilikuwa sumu, kabati limelowa, na Dodoma ya mwezi wa kumi na moja inachemka. Bupe akasema wanahitaji nyuzi joto ishirini na tano, usiku na mchana, siyo zaidi.

Tukatazamana. Kwenye jengo letu kiyoyozi kinachofanya kazi ni kimoja.

"Ofisini kwangu?" akauliza Octavian. "Jumatatu mgeni anasaini kitabu ofisini kwangu!"

"Ndiyo," nikasema.

Alisugua paji la uso. "Mezani hapana. Juu ya kabati la mafaili."

Zilikaa mezani. Tuliipangusa hadubini yenye taa ya buluu kwa spiriti mara nne, tukaibeba watu wawili, tukaiweka alipokuwa anaweka picha zake za mahafali. Jumapili mchana Bupe akatoka kanisani moja kwa moja, akaanza. Chupa ya kwanza: inzi wazima watano, watatu macho mekundu, wa mtaani walishaingia. Akaiweka pembeni. Ya pili: hakuna inzi mzima bado, funza tu. Akamchukua mmoja kwa ncha ya brashi ya rangi, akamlaza kwenye kioo, akazima taa ya ofisi, akawasha ile ya buluu. Akakaa ameinama muda mrefu sana.

"Baba, njoo."

Nilichungulia. Utumbo wa funza, mwembamba, umejikunja kama njia ya mlimani, na ndani yake vitone vya kijani, vimetawanyika, vinawaka. Seli zinajigawa. Baada ya dawa, kijiko na vifaranga, zilikuwa zinajigawa tu kama kawaida yake.

Chupa ya tatu nayo ilikuwa safi. Kufikia jioni alikuwa na funza kumi na tisa wenye alama. Alianza na inzi sita. Kumi na tisa ni utajiri.

Jumatatu mgeni alifika, akavuka mawe yangu ya chokaa bila kuyaangalia hata moja. Alipoingia kusaini kitabu, kitabu kilikuwa hakina nafasi mezani. Akauliza, "Hizi ni nini?" Nikamwona Octavian anatoa jasho chini ya kiyoyozi. Angeweza kusema ni takataka, zitaondolewa. Akasema, "Mheshimiwa, hawa ndio wanaotusaidia kuchunguza sumukuvu. Jumamosi niliwaua wenzao kwa dawa, kwa makosa, mamia na mamia. Hawa ndio waliobaki." Kisha akasogea, akampa Bupe kiti chake. Yule mama aliinamisha kilemba kwenye hadubini, akakaa pale mpaka msaidizi wake akaanza kukohoa.

Sikudanganyi, hakuahidi kitu. Lakini wiki hii chupa zimefika arobaini. Bupe ameongezewa muda hadi mwezi wa tisa. Barua aliiandika Octavian mwenyewe. Anjelina amefundishwa kutenganisha dume na jike, ana jicho kuliko sisi wote, na vifaranga sasa vinakula pumba. Mpaka sasa waliolishwa unga uliochachushwa wanaonekana kuumia kidogo kuliko wenzao. Bupe ananikataza kusema hivyo kabla hajarudia mara tatu, kwa hiyo sijasema.

Kilichobaki ni chako. Sheria ya kazi hii ni kwamba ukoo hukaa nyumba mbili, ili moja ikipigwa dawa au ikichomolewa waya, nyingine ibaki. Sisi nyumba ya pili hatuna, isipokuwa uani kwa Anjelina. Na kwenye kata yako kuna sekondari yenye maabara. Iliyojengwa kwa michango yako. Imefungwa kufuli, hadubini ziko kwenye maboksi, zinatolewa siku ya ukaguzi tu, na mwanao anachora hadubini ubaoni bila kuigusa. Unaijua. Unaipita kila siku na simu yako mkononi.

Kesho asubuhi usiipite. Ingia, msalimie mwalimu mkuu, uliza ufunguo uko kwa nani, na usiondoke mpaka mlango umefunguliwa. Panahitajika meza moja, kivuli na umeme usiokatwa. Ukishaupata mlango, nitafute. Chupa yako nitakuletea mwenyewe, na lebo imeshaandikwa.