Mwaka wa Miezi Minne

Usijifanye hukuwepo. Ilikuwa Jumanne ya kwanza ya Januari, kwenye korido ya hospitali, na karani wa viti vya magurudumu, karatasi mkononi, alikuuliza swali moja tu: mwaka wa mtu asiyeweza kutembea una thamani ya miezi mingapi? Viti vilikuwa vichache, na wakubwa walitaka kujua nani atangulie. Ulitazama saa yako ukasema, "Weka minne." Wenzako nao, wote wima kwa miguu yao, wakasema mitatu, mitano, minne.

Fundi cherehani alikuwa amekaa hapo hapo sakafuni, akipinda pazia la ofisi ya karani. Miguu yake ilikufa miaka tisa nyuma. Hakuulizwa. Ulimruka ukaenda zako. Viatu vyako vilikuwa vya kahawia.

Basi mwaka wake ukawa wa miezi minne. Aprili ilipokwisha, kalenda ya ukutani kwake ilijirudisha Januari, na majirani wakaja kumtakia heri ya mwaka mpya. Walileta soda. Fundi alicheza kwa mabega mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Kesho yake dada yake alimbeba mgongoni hadi dirishani kwa karani, maana Januari waliambiwa wasubiri kiti mwaka mzima.

"Mwaka haujaisha, mama," karani akasema.

"Wangu umekwisha, mwanangu. Nimeshakula na sherehe," fundi akajibu.

Karani alikagua faili, akakubali kwamba kweli umekwisha. "Lakini uliambiwa mwaka mzima. Mwaka mzima ni wa mtu mzima."

Foleni nzima ilicheka, na fundi akacheka kuliko wote, kwa kuwa maneno yalikuwa yamepangika vizuri. Dada hakucheka. Alikuwa ameushika ukuta, mgongo ukimlia kama mlango usiotiwa mafuta.

Kufika Julai fundi alikuwa amempita dada yake umri, japo alizaliwa nyuma yake kwa mwaka mmoja. Dada akawa anamwamkia shikamoo kila asubuhi kabla ya kumbeba kumpeleka msalani. Fundi aliitikia marahaba, akimsifu kwamba watoto wa siku hizi bado wana adabu. Kila miezi minne alitimiza mwaka, na kila alipotimiza alijishonea gauni: la njano, la zambarau, la maua makubwa kama sahani. Mtaa mzima ulimwonea wivu. Mpiga picha alihamia jirani.

Desemba ilipokwisha kwa watu wote, walirudi dirishani. Safari hii dada alitambaa, fundi juu yake, gauni la maua likiburuzika sakafuni. Mwaka mzima ulikuwa umetimia, hata karani hakubisha. Akafungua faili.

"Tatizo faili lisiloshughulikiwa hufungwa baada ya miaka miwili. Lako lina mitatu." Akampa fomu mpya, akamtakia heri.

Fundi aliikunja fomu akaiweka kifuani. Kisha akamwambia dada yake, taratibu, apumzike kwanza kabla ya kumbeba tena. Dada hakuweza kunyooka. Hajanyooka mpaka leo.

Karani yuko koridoni sasa hivi na karatasi ile ile, na jibu lako limo. Vaa viatu. Nenda ulifute kwa mkono wako, kisha kaa chini, sakafuni, umuulize fundi mwaka wake una miezi mingapi. Usitazame saa. Nenda.