Tanga la Rosina

Mimi ni mtu wa Misima, na kwetu maji ni ya kwenye ndoo. Nilipoolewa Mnyuzi na Gregori, nikaambiwa kwamba siku ya pili ya Krismasi ukoo mzima unakwenda bwawani kushindana kwa vyelezo vya tanga. Nilidhani wananitania kwa kuwa ni mgeni. Watu wa bara, wajukuu wa wakata mkonge, bahari wameijulia wapi? Kumbe hawatanii. Bwawa lilichimbwa enzi za shamba la mkonge, shamba likafa, maji yakabaki, na wao wakajitafutia mchezo.

Chelezo chenyewe kinaundwa kwa miti ya mkonge, ile inayochomoza katikati ya mmea ukishazeeka. Ikikauka inakuwa myepesi ajabu, mtoto anabeba mmoja begani huku anatafuna muwa. Unaipanga, unaifunga kwa kamba, unasimamisha mlingoti, unapandisha tanga. Wanapanda watu wawili wawili, mmoja anashika kamba ya tanga, mwingine anashika kasia la kuongozea. Kupiga kasia ili uende mbio ni marufuku, na jirani yetu bi Mwatumu anakaa ukingoni na filimbi kukamata wezi. Chelezo kinahesabiwa kimefika pale tanga lake linapofika ng'ambo.

Na tanga lina desturi yake. Linaungwa kwa vitenge vya wanawake wa nyumba hiyo. Ukiolewa unatoa kipande cha kitenge chako, kinashonewa humo, ndipo watu wanajua umeingia. La kwetu lilianzishwa na Rosina, mke wa kwanza wa Gregori, aliyefariki akamwacha binti yao Joyceline bado mdogo. Kuna kipande cha mama mkwe, kuna vya mawifi, na katikati kuna cha Rosina mwenyewe, kikubwa, cha kijani.

Mwaka nilioolewa nilikata kipande changu nikakipinda vizuri kingo zote, maana mimi ni fundi cherehani, na nusu ya magauni yanayoingia kanisani Mnyuzi yametoka mikononi mwangu. Joyceline akakitazama, akasema kwa adabu zake zote, "Tanga limejaa, Anti." Nikakirudisha kwenye droo ya cherehani. Sikumlaumu mtoto. Lakini kiliniuma, na kila Krismasi kiliniuma upya, nikiwa nimekaa ukingoni na sahani ya pilau, nashangilia tanga ambalo halina uzi wangu hata mmoja. Sikutaka kuchukua nafasi ya mama yake. Nilitaka kipande tu, hata pembeni huko chini ambako hakuna anayeangalia.

Miaka yote hiyo Joyceline alipanda na mjomba wake Matayo, kaka yake Rosina. Mwaka jana mtoto wa Matayo, Dennis, akawa amekua, na baba mtu ikabidi apande na mwanawe. Gregori hafai. Mume wangu nampenda, lakini akikanyaga chelezo miti yote inazama, anabaki amesimama majini kama anabatizwa. Basi jioni moja nikiwa kwenye cherehani, Joyceline akaja akasimama mlangoni.

"Anti, wewe unaogopa maji?"

"Siogopi," nikasema. Uongo mtupu.

"Basi utanishikia kasia?"

Nikamjibu kwamba nitaangalia kama nina nafasi, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi. Alipoondoka niligundua nimeshona mkono wa gauni la watu ukaungana na shingo.

Kesho yake akarudi kutoka Korogwe mjini na kamba ya plastiki, ya bluu, mpya, inang'aa. Ameinunua kwa hela yake ya kuuza machungwa stesheni. Akasema kamba za katani zinaoza, hii itadumu. Tangu niingie nyumba ile hakuwahi kuniletea kitu, hata pipi. Angeniletea uzi wa buibui ningesema ni imara.

Tukafunga chelezo wawili. Sasa, mtu yeyote aliyelelewa na watu wa mkonge anajua jinsi ya kufunga kamba ya katani. Huibani. Unaiacha ilegee kidogo, kwa sababu ikilowa inajikaza yenyewe, na ukiwa umeibana tangu mwanzo itaikata ile miti laini. Babu yangu alikata mkonge kule Handeni mpaka mgongo ukapinda, nimejua kufunga hivyo kabla sijajua kusuka nywele. Nikafunga, nikalegeza. Joyceline akapitisha kidole chini ya kila fundo, akaridhika. Siku yenyewe Matayo akaja na mbwembwe zake, akatikisa miti, akasema, "Shemeji, umefunga kama mzaliwa wa kambi ya mkonge. Maji yatamalizia." Nikavimba kichwa. Watu wote wale pale, watoto kwa wazee, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba plastiki hailowi.

Bi Mwatumu akapuliza filimbi. Upepo wa mchana ulikuwa unashuka kutoka milimani, tanga likajaa, na chelezo kikaondoka. Nilikuwa nimeng'ang'ania kasia na kusali rozari yote kimoyomoyo, lakini Joyceline alikuwa mbele yangu ameegemea kamba, kile kitambaa cha kijani kimetuna juu ya kichwa chake, na alikuwa anacheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile nyumbani. Tukampita Matayo. Nikampungia mkono, na najua sikupaswa.

Katikati ya bwawa nikahisi baridi kwenye makalio. Nikatazama chini nikaona maji kati ya mti na mti. Mafundo yalikuwa vilevile nilivyoyaacha, yamelegea, yanateleza, na miti inaachana taratibu, mmoja huku, mwingine kule. Ndipo nikaelewa, na nilikuwa nimechelewa. Mlingoti ukainama, ukaanguka, na tanga likanasa kwenye ncha ya mti uliovunjika. Nikasikia kitambaa kikichanika. Fundi haulizi sauti ile ni ya nini.

Mimi nikakumbatia mti mmoja na kumwita kila mtakatifu ninayemjua.

"Anti," akasema Joyceline. "Simama."

"Siwezi."

"Simama tu. Maji ni ya kifuani."

Nikasimama. Kweli yalikuwa ya kifuani. Matayo na Dennis wakatupita wakiwa wamekufa kwa kicheko, na nyuma yao wengine wote. Joyceline hakuwatazama. Alikuwa anaokota tanga majini. Akanipa upande mmoja wa mlingoti, yeye akashika upande mwingine, na tukatembea kwenye tope mpaka ng'ambo, tumeliinua juu lisiburuzwe. Nilikuwa namuomba Mungu kiwe kimechanika kipande cha wifi yangu yeyote, nisamehewe.

Tukalitandaza kwenye majani. Kilikuwa kimechanika cha Rosina, kutoka juu hadi chini, katikati. Joyceline akapiga magoti, akakutanisha kingo mbili na vidole, akaziachia, zikaachana. Alifanya hivyo tena.

"Mimi ndiye niliyefunga," nikasema. "Nisamehe, mwanangu. Nisamehe sana."

"Kamba niliileta mimi."

Tukakaa. Nilitaka kumshika bega nikaogopa. Nilijua kitambaa kilichochakaa vile hakishikiki kwa uzi mtupu, utakivuta kitachanika pembeni. Kinahitaji kiraka, kirefu, cha kupita nyuma yake yote. Nilijua, na nikanyamaza, kwa sababu safari hii sikutaka neno la kitenge lianzie kwangu.

"Kile kipande chako," akasema bila kunitazama, "bado unacho?"

"Kipo kwenye droo."

Akapima mpasuko kwa mkono wake, shubiri kwa shubiri. "Hakitatosha." Kisha akanigeukia, akatazama kitenge nilichojifunga kiunoni, cha njano, kinachuruzika maji. "Hicho je?"

Nikakifungua nikampa. Sikuuliza mara mbili. Akakikamua, akakitandaza chini ya cha mama yake, akalainisha mikunjo kwa kiganja, na ile njano ikachungulia kwenye mpasuko wote. "Ushone wewe," akasema. "Mimi nitashika."

Gregori akaja anahema, amezunguka bwawa lote kwa miguu. Akanikuta mbele ya shemeji na mawifi nikiwa na gauni lililonigandia mwilini, mke wa mtu, mtu mzima. Akavua shati lake harakaharaka anisitiri.

"Mama, kitenge chako kiko wapi?"

Nilifungua mdomo, Joyceline akaniwahi.

"Kipo kwenye tanga, baba," akasema. Na sindano ilikuwa bado haijakigusa.