Mashine Iliyotaka Kuwa Mwana wa Mama

Usiku wa jana niliota nimefungiwa ndani ya mashine ya kwanza ya kufikiri, ya zama zile ambapo mashine moja ilijaza jumba zima. Nje, watafiti waliovaa tai walikuwa wamepiga hema. Waliahidi kumaliza suala la akili kabla ya mvua za vuli.

Kanuni ya shindano lao wameibandika ukutani. Mwamuzi hatatuona. Atasoma tu karatasi zetu, yangu na ya mashine, kisha aseme nani mtu. Atakayeitwa mashine atabaki humu awe taa.

"Mimi nilikuwa bingwa wa drafti," ilisema taa moja ya kioo kando ya sikio langu. "Sikupoteza hata kete moja, wakasema mashine ni mimi. Kosea kidogo, mdogo wangu."

Nikaijibu kwamba mimi ni mshairi, nimejifunza mizani peke yangu, bila mwalimu, na sijawahi kuvunja kina. Sitaanza leo.

Ukuta unageuka kuwa mlango wa jikoni kwetu. Nyuma yake mwamuzi anakohoa. Nakijua kikohozi hicho. Ni Mama. Karatasi yake inapita chini ya mlango: "Anayedai ni mwanangu anieleze. Nilipougua, uji ulikuwaje?"

Napiga chapa bila kusita: *Nilikupikia mama, uji wa ulezi safi.* Nane kwa nane.

Mashine inatafuna kadi zake zenye matundu, inajibu: "Ulikuwa na madonge, Mama. Nisamehe."

"Huyu wa madonge ndiye wangu," anasema Mama. "Yule mwingine hana kosa hata moja. Ndiyo mashine hiyo."

Vidole vyangu vya miguu vinageuka kioo. Kioo kinapanda hadi magotini. Bingwa wa drafti anasogea kunipa nafasi.

Nina beti kumi tayari kichwani, zote zimetimia. Naziacha. Napiga maneno yasiyo na kina wala mizani: "Uji sikupika. Alipika Bi Mwajabu, jirani. Mimi nilikuwa chumbani natunga shairi la ugonjwa wako, na wewe uliniita mara tatu."

Naisukuma karatasi chini ya mlango.

"Mara nne," anasema Mama. "Mfungulieni. Ndiye."

Nikaamka, miguu baridi. Nikafungua daftari langu kwenye shairi lile la ugonjwa wa Mama, penye ubeti wa uji. Kila neno lilikuwepo, isipokuwa "nilikupikia". Mahali pake palikuwa na matundu madogo ya mraba, na vipande vya karatasi vilikuwa vimetapakaa shukani.

Uani, Mama alikohoa. Nikaitika kabla hajaniita.