Mmoja kwa Saba

Simu ya nyumba yetu husikika mpaka bandani. Mume wangu Orlin, sikio lake la kulia liliuawa na kelele za trekta, na la kushoto liko njiani. Kwa hiyo ile simu ya ukutani jikoni aliibonyeza iseme kwa spika, na mpaka leo hairuhusiwi kusema vinginevyo. Anayenipigia mimi anampigia na Orlin. Daktari, binti yetu aliyeolewa Minnesota, mama wa kanisani anayetaka kujua nitaleta keki gani, wote wanazungumza katikati ya masufuria yangu.

Ndivyo alivyotukuta Yolanda mwezi wa nne, tukila chakula cha mchana. Nilikuwa nimepika nyama ya kusaga na viazi, nikamwagia supu ya uyoga ya kopo juu, nikaoka mpaka pembeni pakakauka, maana Orlin hupenda kukwangua pembeni. Yolanda alisema anapiga kutoka kampuni inayokisia matokeo ya uchaguzi wa rais. Wisconsin yetu ni mzani usiojua utainamia wapi, na kila baada ya miaka minne nchi nzima hututolea macho. Simu hizo haziishi, na watu wengi huzikata. Mimi sikukata. Nililelewa kwamba anayekusalimia kwa adabu humkatizi.

Akaniuliza umri. Sabini na sita. Akaniuliza nilisoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la nane, shule ya chumba kimoja kule kilimani, kisha nikaingia kukamua. Nikasikia vidole vyake vikigonga herufi.

"Na kama uchaguzi ungekuwa leo, wewe ungempigia nani?"

Orlin akajibu, mdomo umejaa viazi. "Sisi tunampigia mtu wetu."

"Nani huyo anayesema?"

"Mume wangu," nikasema.

"Asante, baba. Lakini nahitaji jibu la mama, yeye peke yake."

Orlin akanitazama, uma umesimama hewani. Hakunitazama kwa ukali, tafadhali msimwone vibaya. Alinitazama kama mtu anavyoutazama mlango anaojua hauna kufuli. Miaka hamsini na mitatu tumekwenda ukumbi wa kata kwa gari moja. Njiani anataja jina, tukifika nalitia alama. Lakini majira yale ya baridi walikuwa wamefunga wodi ya wazazi ya mjini, nilikozalia watoto wangu wote wanne, na mwezi wa pili mjukuu wetu akazaliwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, kando ya barabara, theluji ikianguka. Mtu wetu hakusema neno juu ya wodi hizo. Yule mwingine alisimama kwenye uwanja wa maonyesho ya mifugo akazitaja moja moja kwa majina. Tangu siku ile moyo wangu ulikuwa umehama, ila sikuwa nimemwambia yeyote.

"Mtu wetu," nikasema.

Ulikuwa uongo mdogo, wa kumwacha mtu amalize kula.

Nilidhani yameisha. Kumbe kampuni ile ilikuwa ikiwapigia watu walewale kila mwezi, ione nani anahama. Yolanda alikuwa ameandika kwamba sisi hupatikana saa sita mchana, na saa sita mchana Orlin yuko mezani. Mwezi wa tano akauliza, nikajibu vilevile. Mwezi wa sita vilevile. Orlin akaanza kujisifia kwenye duka la chakula cha mifugo, pale wazee wanapokunywa kahawa asubuhi. Nilisikia kutoka kwa wake zao. "Wakisiaji hawapigi kwako, wanapiga kwangu," aliwaambia. "Nyumba yangu ndiyo inayowapa habari."

Mwezi wa nane simu ililia Orlin akiwa bado anafunga majani makavu. Nikaona Mungu amenipa nafasi.

"Mama, usituchoke," Yolanda akasema. "Sikupaswa kukuambia hili, lakini watu wa aina yako tumewapata watatu tu. Wa umri wako, wa shamba, wenye darasa lako. Wengine wote hawapokei. Kwenye hesabu zetu wewe mmoja unasimama kwa watu saba."

"Saba?"

"Wapo huko nje, ila hawasemi. Wewe ndiye unayewasemea."

Nilikaa kitako. Nikawaona wale sita wengine wamejipanga nyuma yangu, na aproni zao, wananingoja niseme. Nikafungua mdomo. Mlango wa nyuma nao ukafunguka, Orlin akaingia na majani kwenye nywele.

"Ni yule binti? Mwambie tuko palepale."

"Bado uko palepale, mama?" Yolanda akauliza.

Nikamwangalia Orlin akisugua mikono kwenye sinki. "Palepale," nikasema.

Mwezi wa tisa gazeti likaandika kwamba wanawake wazee wa mashambani wamesimama imara nyuma ya mtu wetu, na kwamba huenda wao ndio watakaoliamua jimbo. Orlin alikata kipande hicho kwa mkasi wangu wa kushonea, akakibandika kwenye friji kwa sumaku yenye umbo la jogoo. Wiki hiyohiyo nikateleza kwenye ngazi za stoo ya chini, mikononi nina chupa mbili za viazisukari vyekundu vya siki. Chupa moja ilipona. Nyonga yangu haikupona. Walinitia chuma, wakanirudisha nyumbani na fremu ya kutembelea, na daktari akanikataza kutoka mpaka mwaka mpya. Kura ningepiga kwa posta. Basi nikawa nakaa jikoni, nasoma friji.

Mwezi wa kumi Marcella akaja kunitazama. Marcella ni shoga yangu tangu shule, mjane, aliyefua mashuka ya wodi ile miaka ishirini na sita. Alitoka kwenye karamu ya kanisa, ameniletea sahani: samaki mkavu aliyelowekwa magadi, ambaye sisi watu wa asili ya Norwei tunajisifu kumpenda, siagi iliyoyeyushwa, na chapati nne za viazi zimefungwa kitambaani. Orlin alikuwa sebuleni na televisheni yake. Marcella akasimama mbele ya friji, akasoma, akavuta kiti karibu yangu.

"Mimi siendi mwaka huu, shoga," akanong'ona. "Nilitaka kumpigia yule mwingine, kwa ajili ya wodi. Lakini tazama. Rika letu zima limeshaamua. Niburute goti langu kwenye barafu, nikawe mjinga wa peke yangu?"

"Gazeti hukosea."

"Limeuliza watu, Arlys. Si wameulizwa?"

Sebuleni Orlin akapunguza sauti ya televisheni atuulize kama kahawa ipo. Nikamwambia ipo. Marcella akaondoka.

Siku mbili baadaye karatasi ya kura ikafika. Huku kwetu, anayepiga kura kwa posta lazima awe na shahidi: mtu mzima aione karatasi ikiwa tupu, akae hapo unapoitia alama bila kutazama unapoitia, kisha aandike jina, saini na anwani yake juu ya bahasha. Katika nyumba yenye watu wawili, shahidi ni nani? Orlin alisogeza sahani, akafuta meza kwa kiwiko, akakaa. Nikamwonyesha karatasi, nyeupe pande zote mbili.

"Haya, weka tumalize," akasema. "Mimi natazama ng'ombe."

Ng'ombe wa maziwa tuliwauza zamani. Kumebaki mitamba tu, na dirisha alilotazama, kwa giza la mawingu ya nje, lilikuwa linanionyesha mimi na mkono wangu kama kioo. Nilishika kalamu. Sijui ningeitia wapi, nasema kweli. Simu ikalia.

"Mama Arlys, ni Yolanda."

"Usiulize kwanza," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kwa sababu ya spika, na ilinishangaza. "Simpigii mtu wetu. Nampigia yule mwingine. Nimekudanganya tangu mwezi wa nne."

Orlin akageuka kutoka dirishani.

"Mama, hesabu ilifungwa jana," Yolanda akasema taratibu. "Nilikuwa nakupigia kukushukuru, na kuuliza tukutumie kalenda wapi."

"Haibadiliki?"

"Imeshakwenda magazetini."

"Na wale saba?"

"Wamekwenda nayo. Hukukosea kusema, mama. Ila mimi sina tena pa kuandika."

Nikamshukuru, kalenda nikaikataa. Kwa hiyo ukweli wangu haukuisaidia hesabu ya mtu yeyote. Ulikuwa umemfikia Orlin tu.

"Miezi saba," akasema. "Umeniacha naropoka mbele za watu miezi saba."

"Ndiyo."

"Ungesema."

"Alipoulizwa mama, alijibu baba. Ningesemea wapi?"

"Usinigeuzie maneno, Arlys. Nilikukataza lini?"

"Hukunikataza."

Hilo lilimuuma kuliko kama ningesema alinikataza. Nikajivuta mpaka ukutani na fremu yangu, nikampigia Marcella, spika ikiwa wazi.

"Marcella, wale wanawake wa kwenye gazeti ni mimi."

"Umemeza dawa ngapi leo?"

"Ni mimi. Waliniuliza nikadanganya, wakanihesabu mara saba. Niko upande mmoja na wewe."

"Orlin yupo hapo?"

"Anasikia."

"Orlin, hujambo?"

"Sijambo," Orlin akauambia ukuta.

"Basi sikuwa mjinga wa peke yangu," Marcella akasema. "Tulikuwa wawili, na wewe ndiye mkubwa. Ngoja nitafute viatu vyangu vya misumari."

Nikarudi mezani. Nikaitia karatasi alama yangu, nikaikunja, nikafunga bahasha, nikatia saini, nikaisukuma kwake. Akaivuta akaitazama muda mrefu. Kisha akaandika jina, akatia saini ile yake yenye mkia, akanirudishia na kuinuka.

"Anwani," nikasema. Palikuwa patupu.

"Karani wa kata anajua ninapokaa. Baba yake na baba yangu walinunua mashine moja ya kuvunia kwa pamoja."

"Bahasha ya mke wa jirani yetu Knut ilirudishwa kwa kukosa anwani, na karani alikuwa binamu yake. Wewe ndiye uliyenisimulia."

"Mwite Marcella basi, awe shahidi wako."

"Sitaki Marcella. Nataka wewe."

Akavaa kofia akatoka. Nikabaki nimekaa, bahasha mbele yangu, kalamu imelala juu yake. Sikuosha vyombo. Saa kumi na moja, saa ya kula kwetu, sikuinuka. Alirudi, akatazama jiko lililo baridi, akatoa chapati ya viazi kwenye kitambaa, akaipaka siagi na sukari, akaila amesimama. Akala ya pili. Mimi nina subira. Nimewahi kukaa na mtamba siku nzima mpaka azae. Mwishowe akavuta kiti na kuandika, kwa herufi kubwa za mtu anayechonga: namba ya nyumba, kisha barabara, ambayo ina jina la babu yake.

"Nitaipeleka sandukuni asubuhi," akasema.

"Nitaipeleka mwenyewe."

"Arlys, sanduku liko barabarani. Ni hatua mia tatu za kokoto, na nyonga hiyo."

"Najua."

"Huniamini."

Nikaichukua bahasha mezani. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyesomewa bei.

Asubuhi nilivaa koti lake la zizini juu ya gauni, bahasha nikaitia kifuani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoka tangu nianguke. Fremu ina magurudumu mawili madogo ambayo hayapendi kokoto. Nilikuwa naiinua, naiweka, najivuta. Hatua ishirini, napumzika. Nilipofika kwenye mti wa tufaha nikasikia trekta nyuma yangu. Sikugeuka. Lilikuja kwa gia ya chini kabisa, likisimama nikisimama, likitembea nikitembea. Jirani akipita angedhani ninazikwa.

Ilinichukua karibu saa nzima. Nikafungua sanduku, nikalaza bahasha ndani, nikainua kibendera chekundu cha kumwambia mtu wa barua kwamba kuna ya kuchukua. Nikalishika sanduku kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mawazo yangu yote yalikuwa yameishia hapa. Kurudi sikuwa nimekufikiria.

Orlin akazima injini.

"Utarudije?"

"Sijui."

"Naweza kukutia kwenye ndoo ya mbele, kama ndama."

"Siondoki mpaka mtu wa barua aichukue."

"Hapiti mpaka saa nne."

"Basi saa nne."

Nilidhani atarudi nyumbani. Akateremka, akazunguka trekta, akageuza chini juu ile ndoo ya plastiki anayowalishia mitamba pumba, akaifuta kwa mkono wa shati na kuiweka nyuma yangu. Nikakaa. Yeye akaegemea gurudumu upande ule unakotoka upepo, mikono kwapani, koti lake nimelivaa mimi. Tukawa tunatazama barabara, kila mtu na mtu wake moyoni, tukisubiri gari la barua litokeze kilimani.