Kitufe cha Kumaliza Zamu

Kinyozi aliingia dukani na wembe mkononi, mteja wake kamwacha kitini na povu shavuni. "Tangazo limetoka! Toleo jipya la mchezo wa falme! Njooni mwone!"

Fundi aliondoa mguu kwenye cherehani. Wifi yake naye, waliyemwita Chaji kwa kuwa hakosi waya mfukoni, akaiweka chini simu aliyokuwa akiitengeneza. Duka lilikuwa moja, nusu nguo na nusu simu, na katikati palikuwa na meza ya kukatia vitambaa. Mchana wateja wakipungua, meza hiyo iligeuka uwanja wa vita vya falme hizo za kwenye simu.

Wote watatu wakainamia kioo cha simu. Wapanda farasi wakashuka mlimani, meli zikawaka moto, ngome ikaporomoka, vyote kwa mpigo mmoja. Mwishoni yakatokea maandishi: hakuna tena kusubiri zamu.

"Afadhali!" kinyozi akaruka. "Ule wa zamani ni drafti. Unasogeza kikosi, unajenga ukuta, unabonyeza 'maliza zamu', halafu unakaa kumtazama mwenzako. Huu ni mpira. Wote mnacheza kwa wakati mmoja, ukizubaa umefungwa."

"Huu ni moto wa kuotea mbali!" Chaji akasema, macho yamemtoka. "Siku ukitoka tu, ninao."

Mteja mwenye povu akaja mwenyewe kuulizia shavu lake la pili, wakacheka wote. Fundi alicheka pia, ila ndani alinywea. Tangu apatwe na kiharusi, mkono wake wa kulia ulikuwa na mambo yake. Ukiitwa, ulijifikiria kwanza. Watu walimpenda, tena sana, na kwa huko kumpenda wakawa wanamharakisha. Mumewe alimfunga vifungo. Wateja walimmalizia sentensi, na mara nyingi walizimalizia vibaya. Mchezo tu ndio haukuwa na papara. Kikosi kilisimama palepale mpaka kidole chake kifike, na Chaji, ambaye hata chai huinywa ikiwa inamuunguza, alikaa kimya ng'ambo ya meza. Katika muda ule wa mchana Fundi alijiona mtu kamili. Sasa wifi angehamia kwenye huo "mpira" wa kinyozi, na nani angemlaumu?

Siku ya pili baada ya mchezo mpya kutoka, Chaji alimwekea simu mbele. "Jaribu, wifi."

Fundi akapeleka kikosi mtoni, kisha akakunja mikono. Adui akavuka mto. Akachoma ghala. Akabomoa lango.

"Wifi, mbona umekaa?"

"Si namsubiri amalize!"

Chaji alicheka mpaka akashikilia meza. Fundi naye alicheka, halafu machozi yakaja yenyewe.

"Nenda ukacheze na kina kinyozi," alisema. "Sina kinyongo. Umenisubiri vya kutosha, wifi yangu, na nakushukuru. Najua ulikuwa unanionea huruma."

"Huruma?" Kicheko kikakatika. "Hebu nikuulize. Mara ya mwisho mimi kukushinda ilikuwa lini?"

Fundi akafikiri. Hakukumbuka.

"Hata mimi sikumbuki! Kidole chako kikiwa safarini, mimi huku kichwa kinachemka, natafuta utanipigia wapi. Ungekuwa na mkono mwepesi, ungeshanimaliza zamani. Unajua jana kinyozi kanifanyaje kwenye huu mpya? Kanifagia kabla sijachimba hata kisima. Kule hakuna nafasi ya kufikiri, na mimi bila kufikiri ni bure kabisa."

Akaufunga mchezo mpya, akafungua wa zamani. Falme zao zilikuwa palepale walipoziacha, kila askari mahali pake.

"Kwa hiyo asante yako ikunje uiweke," Chaji akasema. "Mwenye kushukuru hapa ni mimi. Haya, cheza."

Fundi alishukuru hata hivyo, kimoyomoyo. Kumbe miezi yote hiyo hakuna aliyekuwa akimvumilia. Alikuwa akiogopwa. Akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa, akatazama ramani, na kidole kikaanza safari yake kuelekea lango la kaskazini, ambalo wifi yake alikuwa amelisahau bila mlinzi.

Chaji akaona kinakoelekea. Akashika kichwa.

"Polepole, wifi," akamsihi. "Nakuomba, polepole!"